Rivyu: huduma ya wakufunzi wa jeshi toka nje, ndani ya geti safi, nje ya geti ndo kazi ipo

Watu wanafanyia rivyu simu na hoteli kila siku ila hii huduma inayokula mabilioni na inayogusa maisha ya watu wengi kweli sijaona mtu anaikalia chini na kuipa nyota, kwa hiyo leo naifanya mimi. Naongelea pale nchi moja inapopeleka timu ya wanajeshi wake nchi nyingine, sio waje kupigana wenyewe, ila wafundishe jeshi la pale, walipatie ushauri na vifaa, na mara nyingine watembee nalo mpaka porini. Mimi kwenye kazi za hivi nimekaa upande wa ukalimani, katikati ya mkufunzi na askari, na ukikaa pale katikati unaona vitu ambavyo maafisa wa pande zote mbili hawavioni, au wanaviona ila haviingii kwenye ripoti.

Kwanza tuelewane mteja ni nani maana hapa wengi wanapotea. Anayesaini mkataba ni serikali. Anayekaa darasani ni askari. Ila anayeishi na matokeo ni mwanakijiji ambaye doria inapita mlangoni kwake asubuhi na jioni, na huyu hakuna aliyemuuliza chochote toka mwanzo. Rivyu nyingi (zile ripoti rasmi yani) zinahesabu askari wangapi wamehitimu na bunduki ngapi zimekabidhiwa. Mimi nyota zangu nazitoa kwa kumwangalia huyu wa mlangoni.

Nianze na kizuri. Mafunzo ya ndani ya kambi kwa ujumla ni mazuri na sisemi hivi kwa adabu tu. Kulenga shabaha, kusoma ramani, kupanga doria, kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini, mkufunzi anayeijua kazi yake anaweza kumbadilisha kruta ndani ya wiki chache mpaka unashangaa. Ila kitu ambacho kwangu kina thamani kuliko vyote ni huduma ya kwanza kwa majeruhi. Askari akijua kwamba akipigwa risasi mwenzake aliye pembeni anajua kufunga mkanda wa kuzuia damu na kuna mpango wa kumtoa pale, anapigana tofauti kabisa, hakimbii hovyo, hafyatui risasi hovyo kwa woga, na ile ya kutofyatua hovyo inamsaidia hata raia. Na huyo huyo askari siku nyingine anamfunga jeraha mtoto wa kijijini. Hapo natoa nyota nne bila kinyongo, ya tano nimeizuia kwa sababu timu nyingi zinakuja na ratiba iliyoandikwa huko kwao kwa ajili ya jeshi la kwao, jeshi lenye helikopta na madaktari na mafuta ya kutosha, wakati jeshi wanalolifundisha linasafiri kwa miguu na redio zenyewe za kugombania.

Sasa ukalimani. Hapa naomba mnivumilie nitakaa kidogo.

Kwenye bajeti mkalimani anawekwa kama kifaa, yupo kwenye orodha karibu na jenereta. Mkufunzi anaongea dakika tano mfululizo bila kupumua halafu anageuka anasema haya waambie. Jamani hakuna binadamu anayebeba dakika tano kichwani bila kumwaga kitu njiani. Wakufunzi wazuri niliowaona wanafanya vitu vidogo tu: wanakaa na mkalimani jioni kabla ya somo wanapitia kila zoezi, wanaongea sentensi fupi, na wakiwa kwenye kikao wanamtazama kamanda usoni wakati wanaongea, hawamtazami mkalimani. Hiki kitu cha macho watu wanakidharau ila nimeona kamanda mtu mzima anafunga mkutano mapema kabisa kwa sababu mgeni alikuwa anaongea na kijana wa ukalimani kana kwamba yeye mwenye kikosi hayupo. Halafu kuna swali ambalo hakuna anayeuliza wakati wa kuajiri: huyu mkalimani anatoka kundi gani? Ukipeleka kijijini mtu wa upande ambao wanakijiji wanauogopa, hata aongee lugha yao kwa ufasaha wa ajabu, hutaambiwa ukweli, utapewa majibu ya heshima na utaandika ripoti ya heshima na utaondoka ukiwa hujajua kitu.

Na baada ya mkataba kuisha? Mkufunzi anapanda ndege anarudi kwao, mkalimani anabaki na sura yake inayojulikana na kila mtu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2009 ya viza maalumu kwa Waafghani waliofanya kazi nao, jambo zuri kabisa, lakini 2021 mji mkuu wao Kabul unaanguka mikononi mwa Taliban bado kulikuwa na maelfu kwa maelfu ambao makaratasi yao yalikuwa kwenye foleni. Huduma inayoacha nyuma watu walioibeba mgongoni mimi siwezi kuipa zaidi ya nyota mbili kwenye kipengele hiki.

Kuhusu mshauri mwenyewe. Mshauri hana amri, hiki ndo kitu kigumu kuliko vyote kwake, kwa sababu maisha yake yote jeshini amezoea kuamuru na kutii. Hapa anaweza kushawishi tu. Kamanda wa pale anaweza kusikiliza vizuri, akashukuru, halafu akafanya kinyume, na ni haki yake kwa sababu ni jeshi lake na ni nchi yake. Mshauri anayefaa hamrekebishi kamanda mbele ya vijana wake hata siku moja, anasubiri wabaki wawili, anasema kwa njia ya swali, na mpango ukifanikiwa sifa zote zinaenda kwa kamanda. Asiyefaa anachukua kalamu anaanza kuchora mpango mwenyewe kwa sababu anaona mambo yanaenda polepole. Mpango unakuwa mzuri, operesheni inaenda vizuri, na kikosi kinakuwa hakijajifunza chochote isipokuwa kumsubiri mgeni. Na huyu mshauri kukaa kwake ni miezi sita, akijitahidi sana mwaka, anakuja mwingine anaanza kuuliza maswali yale yale kwa wazee wale wale. Wazee wanachoka. Ungekuwa wewe ungeeleza matatizo ya kijiji chako mara ngapi kwa watu wasiokaa?

Twende sasa kwenye siku ya pili baada ya mahafali, pale gwaride limeisha na wageni wa heshima wameshaondoka. Huku ndo huduma inaanza kuvuja.

Mfano mkubwa wa dunia nzima ni Afghanistan. Marekani peke yake ilitenga zaidi ya dola bilioni 80 kwa ajili ya vikosi vya usalama vya nchi ile kwa miaka kama 20, na bado tarehe 15 Agosti 2021 Kabul ikachukuliwa na Taliban bila vita ya maana. Watu wengi wakasema Waafghani hawakutaka kupigana, mimi hayo maneno yananiuma kwa sababu walikufa makumi ya maelfu ya askari na polisi wao kwenye ile vita kabla ya siku hiyo. Ukiangalia vizuri unakuta tatizo lilishonwa ndani ya bidhaa yenyewe. Chukua helikopta tu. Mafundi wao walikuwa wameizoea Mi-17 ya Kirusi na sehemu kubwa ya matengenezo walikuwa wanafanya wenyewe, wakaja kuhamishiwa kwenye Black Hawk za Kimarekani ambazo zilihitaji makandarasi wa kigeni kuzitunza, mwaka 2021 makandarasi wakaondolewa, basi ndege zikaanza kubaki chini na zile vituo za mbali zilizokuwa zinategemea ndege kuletewa chakula na risasi na kubeba majeruhi zikaachwa peke yake. Askari aliyeko kwenye kituo hicho, mshahara umechelewa au umeliwa njiani, chakula hakijafika, wazee wa pale wanakuja kumwambia weka silaha chini urudi nyumbani salama, kwa kweli sijui ni mafunzo gani ya shabaha yangemjibu huyo mtu.

Iraq ni hivyo hivyo. Juni 2014 mji wa Mosul ulianguka kwa wapiganaji wa ISIS waliokuwa wachache sana ukilinganisha na jeshi lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi, na mwishoni mwa mwaka ule waziri mkuu Haider al-Abadi akatangaza kwamba wamegundua majina 50,000 ya wanajeshi hewa, wanaokula mshahara na hawapo. Sasa mshauri anayekaa makao makuu na kompyuta anaona asilimia nzuri kabisa. Mshauri aliyelala na kikosi usiku mmoja na kuhesabu vichwa wakati wa kula angelijua hilo mapema.

Kwa hiyo ukitaka kujua ubora wa hii huduma usiulize kozi ina wiki ngapi, uliza nani anahakikisha mshahara unafika kwenye mkono wa askari, nani analeta chakula, likizo inatolewa vipi, na familia ya aliyekufa inapata nini. Askari asiyelipwa anajilipa mwenyewe, na anayemlipa ni mwanakijiji, kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye kuku, kwenye simu inayonyang'anywa. Huwezi kutenga mshahara na haki za binadamu, ni kitu kimoja.

Somalia kuna tatizo lingine, watoa huduma wamekuwa wengi mno kwa mteja mmoja. Umoja wa Ulaya ulianza kufundisha askari wa Kisomali mwaka 2010, kwanza kule Uganda, baadaye wakahamia Mogadishu. Uturuki wakafungua kambi yao kubwa Mogadishu 2017. Wamarekani wanalea Danab, kikosi cha makomando cha jeshi la Somalia. Waingereza wamefundisha kwenye mji wa Baidoa. Emirati (Falme za Kiarabu) walikuwa na kambi yao na vijana wao, 2018 wakakorofishana na serikali wakafunga, na siku za ule mgogoro mapigano yakazuka palepale kambini na silaha zikabebwa. Kila mmoja anakuja na mitindo yake, amri zake, silaha zake, kiwango chake cha posho. Vijana wawili wa jeshi moja wakikutana kwenye operesheni mmoja kafundishwa hivi mwingine vile, na kila kikosi kinamjua zaidi aliyekifundisha kuliko kinavyoijua kamandi ya nchi. Mimi naona hapa kosa ni la watoaji wote kwa pamoja, wanaratibu kwenye mikutano ya mahotelini ila uwanjani kila mtu na bendera yake.

Sasa tuje kwa huyu wa mlangoni.

Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha batalioni moja ya jeshi la Kongo pale Kisangani, batalioni ya 391, na nia ilikuwa iwe mfano kwa jeshi zima, na masomo ya kuheshimu raia yalikuwemo. Novemba 2012 waasi wa M23 wakauchukua mji wa Goma, jeshi likarudi nyuma mpaka mji mdogo wa Minova, na pale Minova Umoja wa Mataifa ukarekodi zaidi ya wanawake na wasichana 100 waliobakwa na wanajeshi. Batalioni ya 391 ikatajwa kati ya zilizohusika. Kila nikifikiria hii kesi nashindwa kuendelea kirahisi. Sio kwamba mafunzo ndo yalisababisha, sivyo. Ila yalikuwa miezi michache darasani, halafu wale vijana wakarudishwa kwenye jeshi lile lile, lenye makamanda wale wale na mishahara ile ile, na walipokuwa wanakimbia kwa aibu na njaa hakuna aliyewashika. Somo la haki za binadamu la kwenye projekta linaisha nguvu pale ambapo kamanda mwenyewe anapora. Huyo kamanda alitakiwa awe mwanafunzi wa kwanza.

Mali nayo. Kapteni Amadou Sanogo aliyeongoza mapinduzi ya Machi 2012 alikuwa amepitia kozi Marekani. Jenerali Carter Ham aliyekuwa anaongoza kamandi ya Marekani ya Afrika alisema hadharani mapema 2013 kwamba wao walikazania zaidi ufundi na mbinu za kivita, wakawa hawakutoa muda unaotosha kwenye maadili ya jeshi. Namheshimu kwa kusema, wengi hawasemi.

Na kuna kesi ambayo kila mtu anayefikiria kununua hii huduma angeisoma kwanza: Zimbabwe. Baada ya uhuru 1980 Waingereza walileta timu ya kusaidia kuunganisha wapiganaji wa ZANLA na wa ZIPRA (makundi mawili yaliyopigania uhuru) na waliokuwa wanajeshi wa Rhodesia, yaani serikali ya kabla ya uhuru, wawe jeshi moja, watu waliokuwa wanawindana mwaka uliopita wakapangwa kwenye kikosi kimoja, kazi ngumu sana ile na kwa sehemu kubwa ilifanyika. Mwaka uliofuata, 1981, wakaja wakufunzi wa Korea Kaskazini kufundisha Brigedi ya Tano, ambayo ilitengwa na jeshi lingine, mavazi yake, redio zake, mstari wake wa amri ukienda moja kwa moja juu. Januari 1983 brigedi hiyo ikapelekwa Matabeleland, magharibi mwa nchi, na maelfu ya raia wakauawa. Nchi moja, miaka ile ile, huduma mbili. Wakufunzi walifundisha kile mteja aliyesaini mkataba alichotaka, ndo maana nasema ukimhesabu mteja mmoja tu utapata bidhaa hatari.

Upo ulinzi wa aina fulani. Marekani wana sheria iliyoanza 1997, ya Seneta Patrick Leahy, inayokataza msaada kwa kikosi ambacho kuna taarifa za kuaminika kwamba kimefanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Naipenda. Ila inachuja kabla ya kozi, na kuchuja majina sio sawa na kufuatilia tabia baada ya hapo. Unaweza kuwa na kikosi kisafi kwenye faili leo na mwaka kesho kikabadilishiwa nusu ya askari na kamanda mpya.

Nisionekane naponda tu, ipo huduma iliyofanyika vizuri nje ya geti. Vietnam Kusini, mwisho wa 1961, kijiji cha Buon Enao kwenye nyanda za juu za kati, watu wa kabila la Rhade. Wamarekani wachache walienda wakakaa na wazee, wakazungumza siku nyingi kabla ya kugusa bunduki, wakaanza na zahanati, wazee wakakubali wenyewe kuzungushia kijiji uzio na kutangaza kwamba hapa tunajilinda, ndipo vijana wa pale pale wakafundishwa kulinda kwao. Ndani ya mwaka hivi mpango ukasambaa vijiji kama 200. Unaona mpangilio wake: mazungumzo, dawa, uzio, halafu silaha, na mwenye silaha ni mtoto wa pale ambaye mama yake anamwona kila jioni. Lakini huduma ile ile ilikuja kuharibiwa na wenye nayo, mwaka 1963 ikahamishiwa kwenye usimamizi wa jeshi la Marekani, vijana wakaanza kutumika kwenye makambi ya mpakani mbali na vijiji vyao, na makabidhiano kwa serikali ambayo watu wa milimani walikuwa hawaiamini yakafanyika kwa haraka. Septemba 1964 baadhi ya kambi zikaasi dhidi ya serikali. Ukimpa mtu silaha kulinda nyumba yake halafu ukamwambia aende kulinda mpaka, ujue umeshavunja makubaliano hata kama hujaandika popote.

Kule kisiwa cha Basilan, Ufilipino, kuanzia 2002 nako walijitahidi, Wamarekani hawakuruhusiwa kuwa mstari wa mbele, wakachimba visima na kukarabati barabara na kliniki huku jeshi la Ufilipino ndo linaonekana mbele, ili shukrani za mwanakijiji ziende kwa askari wa nchi yake. Hilo la shukrani ziende wapi watu hawalipi uzito.

Na hapo ndo naiwaza Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, kwa sababu huko lugha yetu yenyewe ipo kazini. Julai 2021 Rwanda ilipeleka watu kama 1,000 kati ya wanajeshi na polisi, tarehe 8 Agosti wakishirikiana na jeshi la Msumbiji wakaukomboa mji wa Mocímboa da Praia uliokuwa mikononi mwa waasi mwaka mzima. Wengi wa askari hao wa Rwanda wanaongea Kiswahili, na watu wa pwani ile na wa karibu na mpaka wa Tanzania nao wanakiongea, kwa hiyo doria inasimama, inasalimia, inauliza habari na inajibiwa bila mtu wa katikati. Wakati huo huo kuanzia Oktoba 2021 Umoja wa Ulaya ukawa unafundisha kampani 11 za jeshi la Msumbiji kule Katembe na Chimoio, mbali kabisa na Cabo Delgado, kwa Kireno, lugha ambayo maafisa wanaielewa vizuri na mwanakijiji anayeongea Kimwani au Kimakonde anaisikia kama lugha ya ofisini. Nadhani mafunzo yenyewe hayana tatizo kubwa. Tatizo ni askari aliyefundishwa Kireno na Mreno, akatolewa kusini, akapelekwa kwenye kijiji ambacho hawezi hata kuomba njia. Kwa Wanyarwanda nawapa nyota nyingi kwa namna wanavyokaa na watu, ila kuna kitu kinanipa wasiwasi: wakazi wengi wameshazoea kumwamini mgeni kuliko jeshi lao wenyewe. Huduma ya msaada inatakiwa imjenge mwenyeji. Siku mgeni akifunga mizigo, kama jeshi la nyumbani bado linaogopwa, mtarudi palepale.

Pia Cabo Delgado kuna ile Força Local, wazee waliopigania uhuru na vijana wao, waliojikusanya kulinda vijiji vyao kabla sheria haijawatambua. Wanajua kila njia ya porini. Mgeni yeyote anayeingia eneo kama hilo bila kukaa na watu hawa anafanya kazi gizani, lakini akiwapa silaha bila kujua nani anawawajibisha, nani anawalipa na vita ikiisha wanarudi vipi kwenye mashamba, anapanda vita nyingine. Kwa vikosi vya wenyeji mimi msimamo wangu ni huo, sehemu ya kutoka iandikwe siku ile ile ya kuingia.

Usalama wa wakufunzi nauongelea kwa kifupi. Mwaka 2012 Afghanistan zaidi ya wanajeshi 50 wa kigeni waliuawa na watu waliovaa sare za vikosi walivyokuwa wanavifundisha. Februari 2024 Mogadishu maafisa wa Emirati nao wakauawa hivyo hivyo kambini. Ni hofu ya kweli na huwezi kumlaumu mkufunzi akiwa na mlinzi nyuma yake darasani. Ila kila ukuta unaoongezwa unamtoa mbali na wale aliokuja kuwafundisha, anaishia kuja na gari la chuma saa nne na kuondoka saa nane, na uhusiano ndo ulikuwa kinga yenyewe. Askari wanaomjua mtu kwa jina na kwa watoto wake wanamtonya mapema kukiwa na jambo.

Kama unaniuliza kifurushi gani ningekipendekeza, naenda Sierra Leone. Waingereza walikaa na timu yao ya mafunzo na ushauri toka 2000 mpaka 2013, jeshi lililokuwa na sifa mbaya kabisa, lile ambalo raia walilisema ni askari mchana na waasi usiku. Hawakuleta kozi wakaondoka. Maafisa wao waliwekwa ndani ya jeshi na wizara yenyewe, kwenye mishahara, kwenye stoo, kwenye kupandisha vyeo, na wakawa wanapunguza idadi polepole mwaka hadi mwaka huku wenyeji wanachukua viti. Yalikuwepo mapungufu na gharama zilikuwa kubwa, na nchi ndogo ni rahisi kuliko nchi kubwa hilo nakubali. Lakini jeshi lile 2013 likapeleka batalioni Somalia kulinda amani, na 2014 Ebola ilipoingia wanajeshi wakawa sehemu ya kazi ya kuokoa watu badala ya kuwa tishio la pili. Hapo natoa nyota nne na nusu.

Kwa hiyo kwa huduma nzima nikichanganya, ndani ya kambi nne, ukalimani mbili, mishahara na stoo moja na nusu, jamii moja mpaka nne kutegemea nani amekuja na amekaa muda gani.

Kwa wale mnaokaa kwenye meza za kusaini, au mna ndugu anayekaa hapo, kuna vitu ningetaka viwemo kwenye mkataba kabla ya bunduki ya kwanza kushushwa. Wakufunzi wakae angalau mwaka na waachane kwa kupishana, wa zamani amkabidhi mpya kwa wazee kwa mkono. Mkalimani awe na mkataba wenye kipengele cha nini kitampata misheni ikifungwa. Malipo ya askari yakaguliwe kwa kuhesabu vichwa kikosini. Makamanda waingie darasani kabla ya makruta. Na kiwepo kitu ambacho sijakiona bado kwenye misheni hata moja niliyopitia, njia ya mwanakijiji kulalamika kuhusu kikosi kilichofundishwa, namba ya simu, ofisi, mtu anayeongea lugha yake, na malalamiko hayo yafike kwa nchi iliyotoa mafunzo na sio kwa kamanda yule yule anayelalamikiwa. Mwenye kujua misheni yoyote yenye kitu kama hicho na kinafanya kazi kweli, naomba aniandikie, nitarudi kubadilisha nyota.